Fernando Lopes-Graça, mpiga piano aliyebaki na kwaya

Mwenyekiti, walimu wenzangu wa kwaya, wazee wangu mliokaa mbele, na ninyi vijana wa besi mliojibana karibu na mlango kama kawaida yenu: shikamooni kwa wanaostahili, na habari za jioni kwa waliobaki.

Niliombwa nizungumzie mpiga piano mmoja ninayempenda. Najua wengi mlitazamia Chopin, na wachache mliozoea misa mkasema leo ni zamu ya Mozart. Nimewaletea Mreno. Naona nyuso mbili tatu zimekunjamana, na sishangai. Sisi na Mreno tuna yetu ya tangu Kilwa na Mombasa, na walio na umri wangu wanawakumbuka ndugu zetu wa Msumbiji waliopita kambi za Kongwa na Nachingwea. Niwatoe wasiwasi. Serikali ile iliyowafanya Wamsumbiji wavuke Ruvuma ndiyo iliyomfunga mtu huyu, ikamnyima kazi, ikapiga marufuku nyimbo zake.

Anaitwa Fernando Lopes-Graça. Tamkeni "Lopesh Grasa", hamtakosea sana. Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1906 katika mji wa Tomar, katikati ya Ureno, mji mdogo wenye mto na nyumba kubwa ya watawa juu ya kilima. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari anapiga piano kwenye sinema ya mji. Filamu siku hizo zilikuwa bubu. Mpiga piano alikaa gizani chini ya pazia, macho juu kwenye picha, mikono chini kwenye funguo: farasi wakikimbia anakimbia nao, bibi harusi akilia analia naye. Ni shule nzuri ile, na ni kali. Hakuna kusema "samahani, turudie".

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaenda Lisbon kusoma kwenye Konsavatori, yaani chuo cha taifa cha muziki. Mwalimu wake wa piano huko alikuwa José Vianna da Motta, na hapa niruhusuni nichepuke kidogo. Vianna da Motta alizaliwa mwaka 1868 kwenye kisiwa cha São Tomé, kisiwa cha Afrika, baba yake akiwa mfamasia huko. Walihamia Ureno akiwa mdogo sana. Baadaye akapelekwa Ujerumani, na mwaka 1885 akawa Weimar, miguuni pa Liszt mwenyewe, yule bingwa wa piano, mwaka mmoja tu kabla mzee yule hajafa. Kwa hiyo kijana wa sinema ya Tomar alikuwa mjukuu wa Liszt kwa upande wa mikono. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hununuliwa suti nyeusi, anapewa jukwaa na maua, na mambo yanakwisha vizuri.

Hayakwisha hivyo. Mwezi Mei 1926 wanajeshi walipindua serikali ya Ureno. Salazar akaingia kama waziri wa fedha mwaka 1928, akawa waziri mkuu mwaka 1932, akakaa mpaka kiharusi kilipomwondoa mwaka 1968. Kijana wetu hakunyamaza. Mwaka 1928 alianzisha gazeti dogo kwao Tomar, gazeti la kusema mambo. Mwaka 1931 akafanya mashindano ya kuajiriwa kuwa mwalimu wa Konsavatori. Akashika nafasi ya kwanza. Siku aliyomaliza mtihani, polisi wakamkamata. Kazi hakupewa.

Walimpeleka Aljube. Jina hilo nimelifikiria sana. Gereza la Aljube liko ubavuni mwa kanisa kuu la Lisbon, na zamani lilikuwa gereza la kanisa. Waliosoma chuoni wanalijua neno lenyewe: ni al-jubb, kisima, lile shimo ambalo Nabii Yusuf alitupwa na ndugu zake. Wareno walilipata kwa Waarabu wakabaki nalo. Nasi tukachukua kwao neno lao la kanisa, igreja, tukalifanya "gereza", labda kwa sababu ngome yao ya Mombasa ilikuwa na vyote viwili na mtu wa nje asingeweza kutofautisha. Kwa hiyo ukisema kwa Kiswahili kwamba Mreno alimfunga mpiga piano gerezani Aljube, katika maneno hayo umetaja kanisa na kisima. Leo jengo lile ni jumba la makumbusho ya upinzani, tangu mwaka 2015.

Kutoka Aljube alipelekwa kuishi Alpiarça, mji wa wakulima, asitoke. Kisha akafundisha muziki Coimbra miaka kadhaa. Mwaka 1934 akashindania ufadhili wa kwenda kusoma Paris, akashinda tena, na tena akanyimwa kwa sababu ya siasa. Katikati ya miaka hiyo ya 1930 wakamkamata mara ya pili, safari hii wakamfungia katika ngome ya Caxias. Mwaka 1937 akachoka kuomba, akaenda Paris kwa gharama zake mwenyewe.

Paris alisoma kwa Charles Koechlin, mtunzi mwenye ndevu ndefu na moyo mkubwa. Na huko ugenini ndiko alikoanza kupanga nyimbo za vijijini kwao, kwa sauti moja na piano. Mnalijua jambo hili. Mtu hukaa Dar es Salaam miaka ishirini hajawahi kuimba wimbo wa bibi yake, akifika Stockholm anatafuta ngoma. Lakini Lopes-Graça hakuzitafuta kwa kuugua nyumbani peke yake. Alikuwa amesoma kazi za Bartók, yule Mhungaria aliyetembea vijijini na mashine ya kurekodia, na alikuwa ameona kwamba wimbo wa mkulima hauhitaji kuonewa huruma na mtu aliyesoma.

Vita ilipolipuka mwaka 1939 Wafaransa walimpa nafasi ya kuchukua uraia wao. Akakataa, akarudi Lisbon. Serikali haikumpa kazi, ila palikuwa na chuo kimoja cha watu binafsi, Academia de Amadores de Música, cha tangu 1884. Amadores ni wapenzi: watu wanaofanya muziki bila mshahara. Huko akapokewa kufundisha. Mwaka 1940 konseto yake ya kwanza ya piano, yaani kazi ya piano na okestra, ikapata tuzo, akaendelea kushinda tuzo hiyo mara kadhaa, na mwaka 1942 akaanzisha na wenzake jumuiya ya tamasha za muziki mpya, wakaiita Sonata. Sitawachosha na orodha. Kuna sonata 6 za piano, yaani kazi ndefu za piano peke yake, ya kwanza ya mwaka 1934, ya mwisho ya 1981. Niseme ukweli wangu: si rahisi kupendwa. Zina pembe. Wanafunzi wangu wakizisikia huuliza kama kinanda kimeharibika. Kaeni nazo wiki mbili ndipo zitaanza kuwafungulia mlango.

Sasa nifike nilipotaka kufika, kwenye kwaya.

Mwaka 1945 Hitler amekwisha, na Salazar anaona aibu kidogo mbele ya washindi. Akalegeza kamba, upinzani ukaruhusiwa kujipanga hadharani. Ukazaliwa muungano ulioitwa MUD, na Lopes-Graça akawa ndani yake. Mkutano bila wimbo unajulikana ulivyo: hotuba, makofi, hotuba, usingizi. Akawaomba washairi rafiki zake maneno, naye akatunga nyimbo za kuimbwa na mtu yeyote, mwenye sauti na asiye nayo. Watu wakaziita Heróicas, nyimbo za kishujaa. Unaojulikana zaidi unaitwa "Acordai", yaani "Amkeni", maneno ni ya José Gomes Ferreira. Mwaka 1946 zikatoka kwenye kitabu. Kitabu kikapigwa marufuku, nakala zikakamatwa.

Polisi waliozikamata ni PIDE, polisi wa siri wa Salazar. Jina hilo wazee wa Dar es Salaam hawalihitaji kuelezwa, hasa waliokuwepo siku ile ya Februari 1969 Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alipouawa kwa bomu la kifurushi. Lakini kukamata kitabu cha nyimbo ni kazi ya bure. Wafungwa wa kisiasa walikuwa wanaziimba kwenye ngome za Caxias na Peniche, na huko hakuna askari anayeweza kumpekua mtu akamtoa wimbo mfukoni.

Mimi kama mwalimu naziona Heróicas zina kitu cha kufundisha ambacho watu hukipita. Tunadhani wimbo wa watu wengi lazima uwe mwepesi, uwe doh-me-soh na ngoma chini. "Acordai" si mwepesi. Unaanza polepole, unakaa kwenye sauti nzito, akordi zake, zile sauti zinazolia pamoja, zinakwaruza. Mtunzi hakuwadharau waimbaji wake. Alijua makarani, wafanyakazi wa viwanda na wanafunzi wataweza, wakipewa muda.

Kwaya iliyoanzia huko ndiyo ikaja kuwa kwaya ya Academia. Walizunguka kwenye vilabu vya wafanyakazi, vyama vya michezo, kumbi za vitongoji vya Lisbon na miji ya ng'ambo ya mto Tejo, na mbali zaidi. Kwa kuwa Heróicas hazikuruhusiwa, wakabeba silaha ya pili: nyimbo za vijijini, zimepangwa kwa sauti nne bila ala. Nani atakataza wimbo wa kuvuna zeituni?

Naomba subira yenu hapa, maana ndipo penye utamu wote.

Salazar naye alipenda nyimbo za vijijini. Alizipenda sana. Mwaka 1938 serikali yake iliandaa mashindano ya kutafuta kijiji cha Kireno kuliko vijiji vyote vya Ureno. Kilishinda Monsanto, kijiji cha mawe karibu na mpaka wa Uhispania, kikapewa jogoo wa fedha. Wanakijiji wakavalishwa nguo safi, wakacheza mbele ya majaji. Wimbo wa mtu maskini ukageuzwa pambo la kumwonyesha mgeni jinsi maskini alivyoridhika. Msicheke sana, nasi tuna ngoma zetu za uwanja wa ndege, zinazochezwa dakika nne na kukatwa kiongozi akifika kwenye gari.

Lopes-Graça alikasirishwa na uongo huo kuliko kufungwa kwake. Aliuandikia makala, akagombana na watu, akatoa kitabu mwaka 1953 kuhusu wimbo wa watu wa Ureno. Alikuwa na kalamu kali, hata na marafiki. Na hapa alipitiliza: aliudharau fado, wimbo wa vichochoro vya Lisbon, akauona ni uozo wa mjini. Mimi hapo simfuati. Mpenda taarabu hawezi kuudharau fado.

Jibu lake lililokuwa bora kuliko makala lilikuwa namna ya kupanga sauti. Fikirini mwalimu amepewa wimbo wa kijijini. Mara nyingi tunafanyaje? Tunaupa doh, fah na soh, tunafunga kila mstari kwa soh kwenda doh kama tulivyofundishwa na kitabu cha tenzi, alto anafuata chini ya soprano kama kivuli. Wimbo unatoka msafi, umeoga, umechana nywele. Kijiji hakimo tena.

Nyimbo nyingi alizokutana nazo Lopes-Graça haziishii kwenye doh. Nyingine hutua kwenye re, nyingine kwenye me, na hapo zinakaa zimeridhika. Mpigo wake haugawanyiki kwa nne nne, unafuata pumzi ya mtu anayefanya kazi. Basi akaziacha. Wimbo ukitua kwenye me, besi nao watatafuta namna ya kutua bila kuuburuza kwenda doh. Badala ya akordi laini za sauti tatu alitumia nafasi tupu, sauti mbili zilizoachana kwa noti nne au tano, na mara nyingine sauti mbili zinazosuguana, kama unavyosikia wanawake wawili wakiimba shambani kila mmoja kwa njia yake. Mara besi wanashikilia noti moja tu, mara sauti ya juu inaachwa peke yake kabisa. Wanaowajua Wagogo wanapoimba hawatashangaa. Mkwaruzo ule ni wa wimbo wenyewe, mwalimu asiusafishe.

Beira Baixa, mkoa wa Monsanto uleule, wanawake hupiga ngoma ya pembe nne yenye ngozi pande mbili, wanaiita adufe. Mnasikia? Al-duff. Ni dufu. Ya kwetu ni duara na ya kwao ni mraba, ya kwetu imebaki kwenye maulidi na ya kwao kwa Bikira Maria, lakini jina lilitoka kisima kimoja.

Mwaka 1954 wakamfuata tena. Walimnyang'anya cheti cha kufundisha, hata shule binafsi, hata mwanafunzi wa nyumbani. Okestra za serikali zikakatazwa kupiga kazi zake. Pimeni wenyewe: mwanafunzi wa mwanafunzi wa Liszt, mwenye tuzo, umri miaka 47, hana haki ya kumfundisha mtoto skeli ya C. Kilichobaki kuimba muziki wake kwa ukawaida ni watu wasiolipwa, wanaotoka kazini saa kumi na mbili na kwenda mazoezi. Hao hawana cheti cha kunyang'anywa.

Ndipo akatokea Michel Giacometti, Mfaransa wa kisiwa cha Korsika, aliyeingia Ureno mwaka 1959 na mashine ya kurekodi. Wawili hawa walipita na kutoa santuri tano kati ya 1960 na 1970, kila moja na mkoa wake: Trás-os-Montes, Algarve, Minho, Alentejo, Beira. Majalada yake waliyafunika kwa kitambaa cha gunia, mpaka leo Wareno huziita santuri za gunia. Ndani yake hakuna jogoo wa fedha. Kuna mwanamke anayetwanga, kuna mchungaji, kuna wanaume wa Alentejo wanaoimba polepole mno, wamesimama bega kwa bega, mmoja anaanza, wa pili anapanda juu yake, kisha wote wanaingia kama lango la chuma linafungwa. Kazi hiyo wakaikamilisha kwa kitabu kikubwa cha nyimbo mwaka 1981.

Nje ya nchi walikuwa wanamheshimu. Rostropovich, yule bingwa wa cello, aliomba atungiwe konseto, akaipiga Moscow mwaka 1967. Kwao bado alikuwa mtu asiyeruhusiwa kufundisha. Academia alirudi mwaka 1972. Tarehe 25 Aprili 1974 askari wenye maua kwenye bunduki wakaangusha utawala ule, miezi kumi na minne kabla bendera ya Msumbiji haijapandishwa. Akiwa na miaka 67, serikali mpya ikamweka kuongoza kamati ya kurekebisha elimu ya muziki. Mwaka 1979 akaandika Rekwiem kwa ajili ya waliouawa na utawala ule, kwa maneno yaleyale ya Kilatini ya misa ya wafu, yeye aliyekuwa mkomunisti asiye na dini. Alifariki nyumbani kwake Parede, ufukweni magharibi mwa Lisbon, tarehe 27 Novemba 1994. Kwaya yake ipo mpaka leo, inaitwa kwa jina lake.

Mtu aliniuliza mlangoni kama mtu huyo alitunga chochote tunachoweza kuimba sisi, maana Rekwiem ni nzito na "Amkeni" itatuletea maswali. Ametunga. Huyu asiye na dini alikusanya nyimbo za Noeli za vijijini akazifanya kantata, yaani kazi ndefu ya kuimbwa, ya kwanza kati ya mwaka 1945 na 1950, na kwaya za Ureno huziimba Desemba, hata makanisani. Alisema nini kuhusu hilo sijali. Noti zinasema aliwapenda wachungaji.

Nimeandika ukurasa mmoja kwa sol-fa hapo ubaoni, maneno ya Kireno nimeyaweka jinsi yanavyotamkwa. Alto, mstari wa pili mtaona sauti yenu inagusana na ya soprano na mtataka kukimbia. Msikimbie. Besi, tokeni mlangoni. Tutasoma sauti ya chini kwanza, peke yake, polepole. Nani ana uma wa sauti?